Tairi "mpya" za karavani nilizouziwa Migori zilikuwa na karibu miaka kumi

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi kwa kawaida huwa nasoma tu hapa, nacheka na comments zenu, natoka kimya kimya. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Haya yote yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema wazi nilifanya ujinga. Jina la duka sitaweka kwa sababu maneno yenyewe hayajaisha. Admin, naomba usinifungie.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama, nakaa Homa Bay, kazi yangu ni kushona majoho ya kwaya na nguo za wachungaji. Miaka sita iliyopita nilinunua karavani kuukuu kutoka kwa mkandarasi wa barabara aliyekuwa anafunga kambi yake.

Kwa wale hawajaiona, karavani ni kanyumba kadogo kenye magurudumu, kanavutwa na gari. Yangu iko na ekseli mbili, maana yake tairi nne. Nilitoa kitanda kimoja, nikaweka cherehani tatu na meza ya kukatia.

Naivuta na pickup yangu. Nikifika kanisa fulani naegesha, napima watu, nashona pale pale, nalala pale pale. Siku nne, tano, kazi imeisha, nasonga mbele.

Tunafanya kazi na mama mmoja anaitwa Apiyo. Tumeshona pamoja mpaka nikikohoa anajua nataka mkasi gani.

Mwaka huu nikiosha karavani niliona tairi zimepasuka pasuka ubavuni. Nyufa ndogo ndogo, kama matope yaliyokauka. Meno yalikuwa bado marefu kabisa, mtu akiangalia haraka angesema hizi ni nzuri.

Lakini zile nyufa sikuzipenda. Nikasema kabla ya safari kubwa nabadilisha zote nne. Kwa hivyo wakuu, msiniambie nilikuwa mzembe. Nilienda kununua tairi nikiwa najaribu kufanya jambo sahihi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Safari yenyewe ilikuwa ya Magunga. Kanisa moja huko lilikuwa linasimika mchungaji, na kwaya ya akina mama ilitaka majoho arobaini. Walichangishana karibu mwaka mzima. Hiyo haikuwa kazi ya kuchelewesha.

Nikaenda kwanza kwa fundi wa tairi hapa Homa Bay, anaitwa Ochola. Jamaa wa makamo, haongei sana, uwanja wake umejaa vumbi na hata kiti cha mteja hana.

Akazunguka karavani mara mbili. Akaniuliza uzito wake ni ngapi ikiwa na mizigo yote.

Nikamwambia sijui, ni karavani tu.

Akasema kama sijui uzito, yeye pia hajui aniuzie nini. Akasema hii kitu inataka tairi za mzigo, zile ngumu za matatu na pickup za kubeba, na za saizi yangu hana. Angeagiza Kisumu, nirudi Alhamisi. Halafu akaniambia niende kwanza kwa mzani nipime.

Mimi nikamwona anaringa. Nilikuwa na kazi Migori Jumanne, na Magunga walikuwa wananingoja Alhamisi hiyo hiyo. Nikamwambia tairi ziko Kenya mzima, nikaondoka.

Sikumwambia hata asante. Mnaweza kuandika hiyo kwa orodha ya ujinga wangu.

Basi Jumanne tukaenda Migori na zile tairi za zamani, polepole, moyo mkononi. Tukamaliza kazi ya kanisa moja pale mjini. Jumatano asubuhi nikaingia duka moja la tairi ambalo nilikuwa nimeliona mara nyingi nikipita.

Duka safi. Tile chini, sofa, mashine ya kubalansi magurudumu inang'aa. Tukaletewa soda kabla hatujasema neno. Mwenyewe akatoka ofisini, shati nyeupe, kila mtu pale anamwita Boss. Na mimi nitamwita hivyo.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama mzee wangu yuko karibu ili waongee mambo ya gari.

Mzee wangu wakati huo alikuwa kisiwa cha Remba ananunua omena, dagaa wa ziwani, na hajui hata karavani inatumia tairi ngapi. Nikamwambia gari ni yangu, karavani ni yangu, aongee na mimi.

Akacheka, akasema hakuna shida, madam.

Nikamweleza vile Ochola alisema, kwamba kuna mtu ameniambia natakiwa nitafute tairi za mzigo. Boss akatikisa kichwa kama daktari anayesikia umetumia mitishamba.

"Madam, hao watu wanataka tu pesa zako," akasema. "Hii kitu haina injini. Inavutwa tu. Gari ndiyo inafanya kazi. Wewe weka tairi ya kawaida, utembee raha."

Wakuu, mimi nilienda shule. Lakini hayo maneno yaliingia akilini mwangu vizuri kabisa, kwa sababu ndivyo nilitaka kusikia. Haina injini, inavutwa tu. Kweli! Kumbe uzito wote wa hiyo nyumba unakaa juu ya hizo tairi nne, injini iwepo isiwepo.

Akaleta tairi nne. Nyeusi, zinang'aa, zile nywele ndogo za mpira bado ziko. Nikamuuliza uso kwa uso kama ni mpya.

"Mpya kabisa. Hazijawahi kugusa barabara."

Nataka mkumbuke hayo maneno. Kwa sababu huyo mtu hakunidanganya hata neno moja. Hazikuwa zimegusa barabara. Zilikuwa zimelala tu mahali, joto na vumbi, mwaka baada ya mwaka, mpaka zikakauka. Halafu mtu akachukua kitambaa na dawa ya kung'arisha, akazipaka, akaziita mpya.

Zikafungwa. Fundi wake akazijaza upepo kama wa gari ndogo ya kwenda ofisini, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nakunywa soda, sikuuliza. Risiti ikaandikwa "Tairi nne, karavani." Basi. Hakuna saizi, hakuna namba, hakuna chochote.

Alhamisi asubuhi tukatoka Migori, tukachukua njia ya kupitia Sori.

Kabla ya kuondoka Apiyo aliniomba akae ndani ya karavani nyuma amalizie vifungo. Majoho kumi na mawili yalikuwa bado hayana vifungo.

Tulikuwa tumewahi kufanya hivyo zamani. Najua ni makosa, najua sheria haikubali, msinipige mawe. Siku hiyo nilikataa, lakini si kwa sababu nilikuwa na akili. Nilikataa kwa sababu njia ni ndefu na nilitaka mtu wa kupiga naye story.

Kwa hiyo akapanda mbele na mimi. Hapo ndipo uhai wa Apiyo ulipobakia, kwa mimi kupenda story.

Tulipita Sori salama. Jua lilikuwa limewaka, lami inatoa mvuke. Kama saa tano na kitu, tukiwa tumekaribia Magunga, kuna mteremko halafu barabara inakunja. Sikuwa nakimbia. Kwa huo mteremko nilikuwa kwa gia ya tatu.

Nikasikia mlio kama bati limeanguka kutoka juu ya nyumba.

Usukani ukaanza kuvutwa. Nikaangalia kioo cha pembeni nikaona karavani inakuja upande wangu, halafu inaenda upande ule mwingine, kama mtu mlevi. Apiyo akashika dashboard. Nikaachilia mafuta, sikukanyaga breki kwa nguvu, hiyo angalau nilikuwa najua.

Ningeweza kuikamata. Naamini hivyo mpaka leo. Lakini tairi ya pili ya upande huo huo ilibeba mzigo wa mwenzake, nayo ikapasuka. Karavani ikalala ubavu, kile kishikio cha nyuma ya pickup kikavunjika, ikateleza peke yake barabarani na cherehani zangu zikigongana ndani.

Mbele yake kulikuwa kunapanda pikipiki.

Dereva wa hiyo boda anaitwa Okinyi. Alikuwa na magunia mawili ya omena nyuma. Aliiona hiyo nyumba ikimjia, akakata kona akaingia mtaroni. Hiyo akili yake ndiyo ilimwokoa, karavani ilipita pale alipokuwa sekunde moja tu kabla.

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilishuka nikakimbia nikamkuta amekaa kwa nyasi, amejaa omena, mkono mmoja umening'inia vibaya. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na kifundo cha mkono pia.

Akaniuliza, "Mama, pikipiki yangu iko wapi?"

Nikamwambia iko. Haikuwa iko. Ilikuwa imekunjika kama hanger.

Nilikaa hapo nimemshikilia mgongo mpaka pickup ya watu wa soko ikasimama, wakampeleka hospitali. Nilienda naye. Njiani aliniambia jina la mke wake na namba yake, mimi ndiye nilimpigia huyo mama kumwambia. Wakuu, sitaki kuwaelezea hiyo simu.

Niliporudi pale barabarani jioni jioni nilikuta akina mama wa kwaya wamefika. Mtu alikuwa amewaambia. Walikuwa wamefungua mlango wa karavani, sasa ukiwa kama mlango wa juu wa pango, na wanatoa majoho moja moja wanakung'uta.

Apiyo alikuwa amekaa kwa nyasi, anashona vifungo. Nikamwambia aache. Akasema akiacha ataanza kufikiria vile angekuwa ameketi nyuma.

Nikakaa kando yake, nikachukua sindano.

Polisi wa trafiki walikuja, wakapima, wakaandika. Waliniuliza vizuri, sina neno nao. Karavani ikasukumwa kando ya barabara, kijana wa kanisa na wazee wawili wakasema watailinda.

Asubuhi yake ilibidi nitafute mtu wa kuinua ile kitu na kuipatia miguu. Nikafungua simu, na mtu pekee niliyejua ana jeki kubwa na magurudumu ya kuazima ni Ochola. Yule niliyemdharau.

Nilipiga nikitarajia kucheka kwake. Akauliza tu niko wapi na kama kuna mtu ameumia. Kabla ya saa sita alikuwa amefika na watu wake wawili.

Hakuniambia "nilikuambia." Hata mara moja. Ningependelea angesema.

Alichofanya ni hiki. Baada ya kuinua karavani, alichukua kitambaa akakichovya kwa dizeli kidogo, akapangusa ubavu wa moja ya zile tairi zilizobaki nzima. Ile rangi nyeusi ya kung'aa ikatoka yote kwa kitambaa. Chini yake ilikuwa kijivu, na nyufa, nyufa kila mahali. Mbaya kuliko zile nilizokuwa nimetoa.

Halafu akanionyesha kwa kidole. Kuna mahali ubavuni pameandikwa herufi DOT, kisha msururu wa herufi na namba. Wakati mwingine huwa upande wa ndani, kwa hivyo ni lazima uiname. Namba nne za mwisho ziko ndani ya kijiduara kama yai.

Za kwangu zilisoma 1815.

"Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka," Ochola akasema. "Hii ilitengenezwa wiki ya kumi na nane, elfu mbili na kumi na tano."

Tatu zilikuwa hivyo. Ya nne ilikuwa ya mwaka mmoja nyuma zaidi.

Akanieleza kitu ambacho natamani ningekijua miaka sita iliyopita. Tairi ya gari ya kila siku huisha meno. Tairi ya trela haiishi meno, huzeeka. Inasimama uani miezi, jua linaila, uzito umeikalia pahali pamoja, na meno yanabaki marefu yakikudanganya. Kwa hiyo ukinunua ya trela, umri ndio kitu cha kwanza kuuliza.

Halafu akanionyesha namba nyingine, karibu na saizi: 82. Akasema hiyo ni uwezo wa kubeba, na 82 ni kilo mia nne sabini na tano kwa kila tairi. Zote nne pamoja hazifiki tani mbili.

"Sasa karavani yako ni kilo ngapi?"

Bado sikuwa najua.

Tulienda kupima siku tatu baadaye, Ochola akiwa ameunga kile kishikio, juu ya magurudumu yake ya kuazima, kwa mzani wa miwa upande wa Awendo. Nilipakia kila kitu kama cha safari: cherehani, vitambaa, mtungi wa gesi, maji. Ilikuwa tani mbili na kilo mia moja.

Soma tena hapo. Hata kama zile tairi zingekuwa zimetoka kiwandani jana, hazikuwa na uwezo. Zilikuwa zimezeeka na zilikuwa dhaifu, zote mbili kwa pamoja, na upepo zilijazwa nusu ya ule unaotakiwa.

Kutoka Awendo nilienda moja kwa moja Migori. Nilirusha moja ya zile tairi nyuma ya pickup. Apiyo akakataa kubaki.

Boss alinikumbuka. Nilimweleza yote nikiwa nimetulia, nashangaa mwenyewe vile nilikuwa nimetulia. Akasikiliza amekunja mikono.

Halafu akauliza, "Na ni nani alikuwa anaendesha? Ni wewe?"

Nikamwambia ndiyo.

Akawageukia wafanyakazi wake akatabasamu. Akasema wanawake na trela, madam, usikasirike, lakini hiyo ni kazi ngumu. Akasema lazima nilikimbia kwa mteremko. Akasema pengine nilizidisha mzigo. Akarudia swali la mzee wangu yuko wapi.

Sasa hiyo ya mzigo iliniuma kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Mzigo ulizidi uwezo wa tairi. Lakini nani aliniuzia hizo tairi? Nani aliniambia haina injini, weka ya kawaida? Ochola, aliyekaa kwa vumbi bila hata kiti, swali lake la kwanza lilikuwa uzito. Huyu wa sofa na soda hakuuliza mpaka siku alipohitaji kunilaumu.

Hayo nilimwambia. Akaanza kuniambia nisimharibie biashara mbele ya wateja.

Ndipo nikaangalia huyo mteja.

Kwa jeki kulikuwa na van ya shule, zile za manjano. Magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa tayari yamefungwa, nyeusi, yanang'aa. Dereva alikuwa amekaa kwa sofa na soda mkononi, vile vile nilivyokuwa nimekaa mimi. Nilikuja kujua anaitwa Mwita, anatoka upande wa Kehancha.

Sikupanga. Nilienda nikapiga magoti kwa hiyo tile safi, nikapangusa tairi na leso yangu. Leso ikawa nyeusi. Nikasoma kwa sauti, 1815. Nikaenda ya pili. 1815.

Boss akaniambia nitoke. Mmoja wa watu wake akanikaribia, Apiyo akasimama katikati. Apiyo si mkubwa, lakini siku hiyo hakuna mtu alitaka kumsukuma.

Mwita akainuka. Akaweka soda chini. Akaniuliza polepole hizo namba ni za nini, nikamweleza vile Ochola alinieleza, wiki na mwaka. Nikamwonyesha ile yangu iliyokuwa kwa pickup, namba ni hizo hizo. Nikamwambia Okinyi amelala hospitali.

Akainama akajisomea mwenyewe.

Kisha akamwambia fundi, "Toa hizi. Rudisha zile zangu za zamani."

Boss akaanza kusema atampunguzia bei. Mwita alirudia tu maneno hayo kwa fundi, kwa sauti ile ile, na fundi akachukua spana.

Baada ya Mwita kuondoka, Boss aliniita ofisini. Ghafla nikawa dada yake. Akasema yeye ni mkristo, hataki maneno, atanirudishia kila kitu nilicholipa. Akachapa karatasi nisaini.

Niliisoma. Ilisema mimi nakubali kwamba ajali ilisababishwa na kuzidisha mzigo, na kwamba tairi nilipewa zikiwa katika hali nzuri.

Nikairudisha kwa meza. Nikamwambia pesa ningezipenda, lakini hiyo karatasi siku moja ingesomwa mbele ya Okinyi, na mimi ndiye ningeonekana nilimvunja.

Akaniambia nitarudi kumwomba.

Sijarudi. Nilipeleka malalamiko kwa mahakama ya madai madogo, na tairi yenyewe kama ushahidi, na picha, na karatasi ya mzani. Mjue hiyo mahakama ipo na hauhitaji wakili. Nilijaza fomu mwenyewe.

Sasa sikilizeni alichofanya huyo mtu. Alipopata wito, hakuja kwangu. Alimtafuta Okinyi nyumbani kwake. Akalipa hospitali, akamnunulia pikipiki, si mpya lakini inatembea, na akamsainisha kwamba hana malalamiko na mtu yeyote.

Okinyi alinipigia siku hiyo hiyo. Alikuwa anaongea kama mtu aliyeiba. Akasema, "Mama, nimechukua. Watoto hawangengoja kesi."

Nilimwambia amefanya vizuri. Na nilimaanisha, ndugu zangu. Mimi nilikuwa naenda kulala nyumbani na mikono miwili mizima, ningemwambia nini? Hakuna mtu hapa amseme Okinyi vibaya, tutakosana.

Lakini huyo Boss! Alikuwa na uwezo wa kulipa tangu siku ya kwanza. Alingoja mpaka akaona karatasi ya korti ndipo akakumbuka kuna binadamu alivunjika. Na hata hapo alilipa ili anyamazishe, hakulipa kwa sababu anajuta. Kesi yangu bado haijasikizwa, na duka bado liko wazi. Wiki jana nilipita nje. Tairi zimepangwa kwa mlango, nyeusi, zinang'aa.

Wale mnauliza kuhusu kwaya: walivaa majoho. Nane yalikuwa na doa la mafuta, waliyaweka mstari wa nyuma. Mchungaji alisimikwa.

Karavani imetengenezwa. Ochola aliniagizia tairi za mzigo, zina herufi C baada ya saizi, na alinilazimisha nisome namba zote nne za umri moja moja kwa sauti kabla hajafunga. Akaandika saizi, uwezo na umri kwa risiti. Nilimwomba msamaha kwa siku ile niliyomwacha nikaenda. Akasema hakumbuki. Anakumbuka.

Somo langu ni hili, na nalitoa kwa mtu yeyote anayevuta kitu: karavani, trela ya ng'ombe, ya boti, ya tenki la maji. Pima uzito kwanza ikiwa imejaa, halafu ndio utafute tairi inayobeba zaidi ya huo uzito. Uliza upepo unaotakiwa, usikubali wa gari ndogo. Usiangalie meno pekee yake, na usiamini kung'aa. Inama. Chafua magoti. Muuzaji akikasirika ukisoma ubavu wa tairi, hama duka. Na risiti isiyo na namba ni karatasi ya kufungia mandazi.

Kitu kimoja ndicho kilinifanya niandike leo.

Jana Mwita alinipigia. Alisema baada ya siku ile alimwambia mwalimu mkuu, wakaenda kukagua gari zingine za shule. Kuna van moja ndogo ilinunuliwa tairi pale pale muhula uliopita. Zote nne, namba zile zile. Ilikuwa inatembea nazo kila siku, asubuhi na jioni.

Hiyo van ndiyo hubeba watoto wa nursery.

Wameziondoa. Lakini mimi tangu jana sijakaa vizuri, kwa sababu tairi za mwaka huo hazikuja Migori kumi pekee. Zingine ziko wapi? Ziko chini ya gari ya nani?

Kwa hivyo wakuu, uwanja ni wenu. Kama umewahi kuuziwa hivi, andika. Kama unajua sheria inasema nini kuhusu umri wa tairi dukani, nifundishe, bado nina kesi. Kama unaona nilikosea kukataa zile pesa, sema pia, nimekomaa.

Na wewe mwenye duka, najua kuna mtu atakutumia hii link. Fungua akaunti uje ujibu. Lakini kabla hujaandika kitu, zile zilizobaki hapo mlangoni zitoe.